Mama Mikisa Anajibu: Wimbo wa mdogo wangu una kasoro, nimwambieje?

Mwezi huu barua zimejaa watu wenye shida inayofanana. Ama wameombwa maoni kuhusu wimbo na hawajui waseme nini, ama wamepewa maoni na hawajui wayafanyie nini. Nimechagua tatu. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kwa sababu mwenyewe kaniletea na wimbo. Wenye majibu mafupi msininunie.

*Shikamoo Mama Mikisa. Mimi ni mpiga kinanda kanisani, naishi Nyegezi. Mtoto wa mama yangu mdogo, kijana wa Igoma, anatengeneza nyimbo chumbani kwake kwa kompyuta ya kuazima na maiki moja. Juzi kanirushia wimbo mpya aliouimba na kuumiksi mwenyewe (yaani kusawazisha sauti na ala zote), Kiswahili na Kisukuma humo humo, na ndani yake kaweka ngoma alizozirekodi kwa simu Bujora wakati wa Bulabo, ile sherehe ya ngoma za Wasukuma. Kaandika: "Kaka nipe ukweli, usinionee aibu." Ukweli ni kwamba sauti yake imezama, mdundo unabomoa, na kuna sehemu sielewi kabisa anasema nini. Lakini kuna mtu alishawahi kumwambia kazi yake ni kelele tupu, na kijana akakaa muda mrefu bila kuigusa kompyuta. Mama yake akanilaumu na mimi, wakati sikusema kitu. Mimi si prodyuza. Kinanda nakijua, mitambo siijui. Nakutumia wimbo wenyewe kwa ruhusa yake. Nimwambieje?*
*Mpiga Kinanda, Nyegezi*

Marahaba, mwanangu. Wimbo nimeupata. Nimeusikiliza kwenye spika zangu za mezani hapa Kirumba, nikausikiliza kwenye simu, kisha nikamwomba kijana wa bajaji auchomeke kwenye redio yake tukiwa njiani kwenda Mwaloni. Niliyoyasikia nitayasema, ila yasubiri kidogo. Umeuliza umwambieje, na hapo ndipo wengi wanapoharibu hata wakiwa na masikio mazuri.

Unasema kinanda unakijua, mitambo huijui. Mimi naona ni heri. Wanaojua mitambo nusunusu ndio wanaowavuruga vijana. Wakisikia wimbo mara moja tu wanaanza kuandika dawa: shusha desibeli nne kwenye Hz 300, weka komprisa, ongeza mwangwi. Hawajauliza kijana anasikilizia nini wala anakaa chumba gani. Namba hizo zimetoka kwenye spika zao. Akizifuata, atakuwa anautengeneza wimbo upendeze nyumbani kwa mtu mwingine. Ukienda kwa fundi cherehani kujaribu nguo, unamwambia inanibana kwapani, na mkono unaunyanyua aone. Humwambii akate sentimita ngapi. Basi na wewe mwonyeshe kijana panapobana, mkasi umwachie.

Na kuonyesha kwenyewe kuna namna. "Sauti imezama" ni kweli, lakini haimfai kitu, kwa sababu yeye maneno anayajua kwa moyo. Aliyetunga hawezi kusikia kwamba neno limepotea. Kichwa chake kinalijaza pale pale. Kwa hiyo chukua karatasi na kalamu. Cheza wimbo mwanzo hadi mwisho bila kusimamisha, andika kila neno unalolisikia. Usipoelewa acha pengo, pembeni yake weka dakika na sekunde. Usijitahidi kupita kiasi, andika kama mtu anayesikia wimbo redioni akiwa anapika. Kisha ipige picha karatasi hiyo umtumie. Akiona ameandika "nimevuka" na wewe umesikia "nimechoka", hutahitaji kumweleza kitu kingine kuhusu sauti. Kwa mistari ya Kisukuma, mpe mama yake aiandike. Atajua vizuri kuliko wewe, na safari hii atakuwa upande wenu badala ya kukulaumu.

Baada ya hapo rudi kwenye fani yako. Unajua kinachotokea ibadani ukishindilia kodi nzito, zile sauti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, kwa mkono wa kushoto wakati mpiga besi naye anatembea: mnasongamana huko chini hadi mwalimu wa kwaya anakukazia macho. Ukijaza vidole vyote katikati ya kinanda wakati mtu anaimba peke yake, unakaa juu ya sauti yake. Wimbo wa kwenye kompyuta una msongamano ule ule, tofauti ni kwamba mwalimu wa kukazia macho hayupo. Nimesikiliza ubeti wa pili wa mdogo wako nikiwa na hilo kichwani. Maneno yanaanza kupotea pale pale kinanda kinapoingia, na kinanda chenyewe kimepigwa kodi za sauti nne nne, katikati kabisa, bila kupumua. Hapo hata akiipandisha sauti yake mpaka mwisho, itakuwa kubwa lakini haitakuwa wazi. Mambo mengi tunayoyaita makosa ya miksi ni makosa ya upangaji wa ala, na hayo mpiga kinanda anayasikia kuliko fundi. Kwenye hilo tu nakuruhusu upendekeze dawa, tena iwe kwa swali: "Hizo kodi ukizipiga sauti mbili badala ya nne, au ukizipandisha oktava moja, ubeti utakuwaje?"

Kabla hujamwandikia, jua wewe mwenyewe unasikilizia nini, na umwambie. Hili watu hawalifanyi. Spika ndogo ya simu haitoi kitu cha maana chini ya Hz 200 hivi (Hz ni mitetemo kwa sekunde, namba ikiwa ndogo sauti ni nzito), na ngoma ya mguu, ile ya kompyuta inayopiga dum, uzito wake uko kati ya Hz 50 na 80. Mwenye simu anaambulia mgoto wa juu tu. Sabufa ya sebuleni nayo ina uongo wake, hasa ile ambayo kitufe cha besi kilizungushwa hadi mwisho siku iliponunuliwa na hakijarudi tena. Kisha kuna ukubwa wa sauti. Mwaka 1933 wataalamu wawili wa Marekani, Fletcher na Munson, walipima jinsi sikio la binadamu linavyosikia, wakaonyesha kwamba sauti ikiwa ya chini sikio hupoteza besi mapema kuliko sauti za katikati. Kwa hiyo ukisikiliza saa tano usiku kwa sauti ndogo usiwaamshe watoto, besi usiihukumu. Usiku sikiliza maneno. Mdundo uache hadi mchana, utakapoweza kufungua sauti kidogo. Na faili akutumie kama dokumenti. Ukiletewa wimbo uliorekodiwa kama ujumbe wa sauti wa WhatsApp, utakuwa unakosoa WhatsApp.

Haya, wimbo wenyewe.

Zile ngoma za Bujora ndizo zilizonifanya niurudie. Simu imezibana zilipopigwa kwa nguvu, kweli, lakini uwanja uko ndani: watu wanashangilia, kuna mama anapiga vigelegele upande wa kulia, unakaribia kulisikia na vumbi. Kwa sekunde kumi na kitu za mwanzo ziko zenyewe, na hakuna biti ya kununua itakayokupa kitu kile. Halafu unaingia mdundo wa kompyuta na kuzikalia. Ngoma bado zipo, ukitega sikio unazisikia, ila zimekuwa vumbi la nyuma. Mimi kama msikilizaji nimesikitika. Lakini sijui kijana alikusudia nini. Pengine alitaka mwanzo uwe wa kijijini na baadaye mji uingie uumeze. Hilo ni wazo kamili, na kama ndilo wazo lake, basi miksi imefanya kazi na mimi ninyamaze. Ndiyo maana swali la kwanza la kumwuliza mtu yeyote aliyekupa wimbo wake ni: ulitaka usikikeje? Bila jibu la hilo utamkosoa kwa kutokutengeneza wimbo ambao ungeutengeneza wewe.

Mdundo unabomoa, hapo umesema kweli. Kwenye bajaji hatukuweza kuongea, na dereva ni mtu wa kupenda kelele. Lakini nadhani najua kwa nini, na sababu hiyo haihusiani na kipaji. Vyumba vingi vya kupanga ni mita 3 kwa mita 3 au karibu na hapo. Sauti husafiri mita 343 hivi kwa sekunde. Ukipiga hesabu, wimbi ambalo nusu yake inaenea ukuta hadi ukuta kwenye chumba cha mita 3 ni la Hz 57, pale pale unapokaa mdundo. Wimbi hilo linajazana kwenye kuta na kwenye kona, na katikati ya chumba linakaribia kufa. Chumba kikiwa cha mraba hali inazidi, kwa sababu upande huu na ule vinafanya jambo moja. Sasa kijana kaweka meza katikati, kakaa, anacheza wimbo, hasikii mdundo. Anaupandisha. Bado. Anaupandisha tena. Akiupeleka nje ya chumba kile, unabomoa.

Ukimwambia "besi imezidi, punguza", atabishana na wewe, na atakuwa na haki, maana pale alipokaa besi haitoshi. Muulize badala yake anamiksi kwa spika au kwa iafoni, na kama ni spika, anakaa sehemu gani ya chumba. Kisha mwambie aucheze wimbo wake, ainuke, atembee polepole hadi kwenye kona. Atasikia mwenyewe mdundo unavyomfuata na kukua. Meza akiisogeza kuelekea ukutani, si kwenye kona kabisa, na akiwa anahakikisha kwa iafoni, nusu ya tatizo imekwisha na hakuna aliyemwambia kwamba hajui.

Jambo jingine nililolisikia, na hili utalipima kirahisi. Sauti za kuitikia, zile "eee" za kwenye kiitikio, kwenye spika zangu zinakuja kutoka kulia na kushoto, pana, nzuri. Kwenye simu yangu yenye spika moja zimetoweka. Hazijapungua, zimetoweka. Bila shaka ametumia kifaa cha kupanua sauti, kinachofanya upande mmoja uende kinyume na mwingine, na pande mbili zikiunganishwa kuwa moja zinafutana. Watakaousikia wimbo huu kwa simu mezani, kwenye kispika kimoja cha dukani au kwenye pembe ya gari la matangazo ni wengi kuliko wenye iafoni. Mwambie tu: "Kwenye simu yangu ya spika moja waitikiaji hawapo." Chanzo atakitafuta mwenyewe, na atakipata.

Mwishoni kabisa, sauti ikishuka, kuna pikipiki inapita. Nadhani ni barabara ya Musoma hiyo. Nakuomba usimwambie aiondoe. Mimi naipenda.

Sasa, mambo yamekuwa mengi, na usimpe yote. Mtu akipokea orodha ya kasoro kumi na mbili hafanyi hata moja, au anafanya zote kwa siku moja na kuharibu wimbo. Chagua mbili, kubwa kuliko zote. Hapa ni maneno yanayopotea na mdundo unaofunika ngoma. Waitikiaji wanaweza kusubiri raundi nyingine. Ukirekebisha makubwa, madogo mengi hujiondoa yenyewe, kwa sababu kila kitu kwenye miksi kinasikika kwa kulinganishwa na kingine.

Na sifa anza nazo, ila ziwe na kazi. Sijui nani aliwafundisha watu kwamba sifa ni sukari ya kumezea dawa. Ukimwambia kijana "kali sana", hujampa kitu. Ukimwambia mwanzo wa ngoma zenyewe umekusimamisha, umemwekea alama ya mahali asipopaswa kupagusa. Vijana wakishaambiwa kuna kasoro hufumua wimbo wote, na mara nyingi kinachopotea kwanza ni kile kilichokuwa kizuri, kwa kuwa hakuna aliyewaambia kwamba kilikuwa kizuri.

Kundi la WhatsApp la ukoo liepuke kabisa. Huko shangazi atasema mbona haumtaji Mungu, mjomba atauliza ajira. Mwandikie peke yake. Mimi ningeandika hivi, wewe badilisha uendane na mnavyoongea:

"Mdogo wangu, wimbo nimeusikiliza kwa iafoni na kwa sabufa ya hapa nyumbani. Zile ngoma za Bujora zinapoanza zenyewe, niliacha nilichokuwa nafanya. Usiziguse. Kiitikio nimekishika mara ya kwanza tu. Nina mambo mawili. Ubeti wa pili, kuanzia 1:12 hadi 1:30, maneno yananipotea kila kinanda kinapoingia. Nimekuandikia niliyoyasikia, angalia mapengo. La pili, kuanzia kiitikio cha kwanza mdundo wa kompyuta unazifunika ngoma. Umekusudia hivyo? Halafu nina swali: ukimiksi unakaa sehemu gani ya chumba? Jumamosi nikija Igoma tuusikilize pamoja."

Hakuna neno "ila" wala "lakini" kati ya sifa na kasoro, umeona? Mtu akisikia "lakini", yote yaliyotangulia anayafuta.

Jumamosi ukifika, kaa kwenye kiti cha mgeni. Panya ya kompyuta usiishike. Utatamani, najua, hasa ukiona anazungusha kitufe kisichohusika, lakini siku utakayomrekebishia wewe ndiyo siku wimbo utakapokuwa wako, naye atakuwa msindikizaji. Kama mtalinganisha na wimbo wa msanii mkubwa, ushusheni kwanza ule wa msanii hadi ulingane kwa ukubwa na wa kijana. Nyimbo zilizokwisha kufanyiwa masta, ile hatua ya mwisho kabla wimbo haujatoka, huwa na sauti kubwa, na sikio la binadamu likipewa vitu viwili vinavyofanana hukichagua chenye sauti kubwa likidhani ndicho kizuri. Hata akileta miksi mpya, tahadhari ni hiyo hiyo: zilinganisheni zikiwa na ukubwa mmoja, la sivyo mtasifia volumu. Na asihangaike kupiga kelele kuwashinda wengine, maana Spotify na YouTube zikikuta wimbo una sauti kubwa kupita kiwango chao huushusha zenyewe.

Kuhusu yule aliyemwambia ni kelele tupu, usimtetee wala usimseme. Kijana akimtaja, muulize yule mtu alisema kelele iko dakika ya ngapi. Hatakuwa na jibu, na hapo mwendelee na kazi.

*Bwana Yesu asifiwe Mama Mikisa. Mimi ni katibu wa kwaya, Sengerema. Tumerekodi nyimbo kwenye studio moja mjini, tumelipa nusu. Prodyuza alituma miksi ya kwanza kwenye kundi la kwaya ili tutoe maoni, na tangu siku hiyo hapakaliki. Soprano wanasema hawasikiki. Sauti ya nne wanasema wao ndio hawasikiki. Mwalimu anataka gitaa la solo lishuke, mpiga gitaa kajitoa kwenye kundi. Kila mtu anamtumia prodyuza ujumbe wake. Sasa amesema hajui amfuate nani, na simu hapokei kama zamani. Tufanyeje?*
*Katibu, Sengerema*

Amina, katibu. Huyo prodyuza namwonea huruma, na hata sijui kama miksi yake ni nzuri.

Mwanakwaya akisikiliza wimbo wa kwaya yake anajisikiliza mwenyewe. Haijalishi ana miaka mingapi katika wokovu. Kwa hiyo maoni mliyonayo humo kundini ni sensa ya watu wanaojitafuta, na miksi haiwezi kutengenezwa kwa sensa. Leo tangaza kwamba maoni yamefungwa. Chagueni watu wawili: mwalimu, na mtu mmoja anayewapenda ila haimbi, kama mzee wa kanisa au mke wa mchungaji. Huyo wa pili ni muhimu, yeye ndiye mnunuzi wenu. Wakae pamoja, wasikilize wimbo mmoja mmoja, waandike dakika na walichosikia. Karatasi hiyo moja ndiyo iende studio, kwa mkono wa mtu mmoja, na mtu huyo awe wewe.

Kabla ya hapo mwulize prodyuza jambo moja: sauti nne zilirekodiwa kila moja peke yake, au mliimba wote mbele ya maiki zile zile? Kama mliimba pamoja, soprano hawezi kupandishwa bila kuwapandisha na majirani zake, na kuendelea kumdai prodyuza ni kumwonea. Hali kadhalika zile "s" zinazochoma masikio kwenye "asifiwe". Sauti ya "s" inakaa juu, Hz 5,000 hadi 8,000 hivi, na kwaya ikiwa na watu thelathini ambao kila mmoja anaifikia kwa wakati wake, inatoka "sssss" ndefu. Fundi anaweza kuipunguza kidogo. Kuiondoa ni kazi ya mwalimu kwenye mazoezi, na kama inawakera sana rudini mrekodi ubeti huo. Mkisema wenyewe kwamba hilo ni letu na lile ni lake, simu zitaanza kupokelewa.

Kubalianeni pia miksi itarudi mara ngapi kwa hela mliyolipa. Hili lilitakiwa kusemwa siku ya kwanza, lakini hata sasa linasemeka. Kisha ninyi wawili watatu mwende mkasikilize studio kwake. Siku hizi daraja la Kigongo na Busisi lipo, kilomita 3 tu mmevuka, kisingizio cha foleni ya kivuko hakuna. Mkifika, mwacheni awachezee kwanza anachokipenda yeye kwenye wimbo wenu. Mpiga gitaa mwende naye. Prodyuza akiucheza wimbo pamoja na solo ile, kisha bila solo ile, mpiga gitaa mwenyewe ataomba ishuke. Akikataa bado, muulizeni huyo mke wa mchungaji.

Na nusu ya hela iliyobaki muwe nayo mfukoni.

*Mama Mikisa mambo! Nimemiksi wimbo wangu nikawapa watu watatu. Mmoja kasema besi imezidi, wa pili kasema besi hakuna kabisa, wa tatu kasema "kali sana". Nimfuate nani?*
*Dogo wa Nansio, Ukerewe*

"Mambo" umwambie mwenzio. Mimi sema shikamoo. Marahaba.

Wa kwanza na wa pili wote wanaweza kuwa wakweli. Waulize walisikilizia nini. Nakisia wa kwanza ana sabufa, wa pili kasikiliza kwa spika ya simu. Waya mnene wa gitaa la besi unaanzia Hz 41, na simu haiwezi kufika huko hata uisihi. Kwa hiyo usipandishe besi kwa sababu ya mwenye simu, utamuua mwenye sabufa. Ukitaka mwenye simu naye aifuate besi yako, ipe ukwaruzo kidogo, yaani zile sauti zake za juu zijitokeze kwenye Hz mia kadhaa hadi elfu moja. Sikio likizipata hizo linaijaza ile ya chini lenyewe. Kisha muulize mwenye simu kuhusu maneno na kiitikio, mwenye sabufa muulize kuhusu besi.

Wa tatu muulize aliusikiliza hadi dakika ya ngapi.